Fundi Buriani Anataka Kurudi Amekaa

Nakiri mapema, kabla msomaji hajanikamata: nilidhani shemeji yangu anaukimbia uzee. Mwanamume wa makamo anaponunua kaptula ya kubana na kuanza kuzungumzia mapigo ya moyo wake mezani, watu wenye elimu kama yangu huwa na maelezo tayari, na mimi maelezo hayo niliyatoa kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza. Nilikosea. Shemeji hakuwa akiukimbia uzee. Alikuwa akikimbia kicheko, ambacho kina mbio zaidi.

Shemeji yangu huyu, mume wa dada yangu, ni fundi wa majeneza. Mtaa mzima humwita Buriani, naye huitika. Alianza na vitanda, akahamia kwenye majeneza baada ya kuchoshwa na wateja waliorudi kila mara kulalamika kuhusu chaga zinazolia. "Kazi ni ileile," hupenda kunieleza, "kinachoongezeka ni kifuniko tu. Na mteja harudi." Karakana yake imeungana na nyumba kwa mlango mmoja. Mbao zimeegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Katikati kuna benchi refu lenye makovu ya msumeno. Karibu na dirisha kuna cherehani ya dada, ambaye hushona vitambaa vya ndani, satini nyeupe yenye marinda. Nyuma ya sikio la kulia la Buriani hukaa penseli bapa ya seremala. Hukaa hapo akila, akisali, akinyolewa.

"Hata akilala," dada alinieleza siku moja. "Mimi nadhani ile ndiyo mke mkubwa."

Kicheko chenyewe kilianza mwaka uliotangulia. Mjini kwetu hufanyika mashindano ya michezo mitatu: mtu huogelea bwawani, hupanda baiskeli, kisha hukimbia kwa miguu, yote mfululizo, bila mapumziko ila ya kubadilisha viatu. Buriani alijiandikisha kwa sababu daktari alimwambia afanye mazoezi, naye si mtu wa kufanya jambo nusu. Kuogelea aliogelea vizuri. Balaa lilikuwa kwenye baiskeli, chuma kikuukuu cha kuazima, ambacho kabla ya nusu ya safari kilimfunga kiuno na shingo pamoja. Akashuka, akalala kando ya barabara, hawezi kukunjuka wala kukunjika zaidi. Gari pekee lililoweza kumbeba mtu mwenye umbo hilo lilikuwa pikapu yake mwenyewe ya kupelekea majeneza, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu ubavuni: TUTAKUFIKISHA KWA HESHIMA.

Dada aliendesha polepole ili asimuumize. Mwendo ule ndio ulioharibu kila kitu. Majirani waliiona pikapu ile, kwa mwendo ule, mke ameshika usukani huku machozi yakimtoka, na mwenye mali amelala nyuma chali, macho amefumba kwa sababu ya jua. Kinyozi wa mkabala alivua kofia. Mke wa kinyozi akaachia kilio ambacho, kwa maelezo ya waliokuwepo, kilikuwa cha daraja la kwanza. Watu wakajaa. Wanaume wawili walikwisha kumshika miguu na mabega wamteremshe, ndipo Buriani alipoinua kichwa na kuuliza kwa upole wa mtu wa biashara:

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

Wale wawili walikimbia. Mmoja aliacha kiatu, na hadi leo hajaja kukidai.

Tangu siku hiyo kinyozi hakumsalimia tena kama watu wengine. "Fundi, umeamkaje?" aliuliza kila asubuhi, kisha, baada ya kutafakari, "Umeamka, lakini?" Wateja walioketi kwenye viti vyake walicheka, vichwa nusu vimenyolewa. Mtu anaweza kuvumilia mzaha wa wiki. Huu ulikula mwaka mzima bila kushiba. Hata wafiwa, watu waliokuja na huzuni yao karakanani, walimtazama Buriani huku midomo ikiwatetemeka, na fundi wa majeneza anayechekwa na wafiwa hana tena heshima ya kumfikisha mtu nayo.

"Shemeji," aliniambia jioni moja, akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini, "mimi sitaki kushinda. Niwe wa mwisho, sawa. Nataka nirudi nimekaa."

"Na ukirudi umelala?" dada aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Sirudii tena. Kaptula naitupa, baiskeli yoyote nitakayoipata nairudisha."

"Shahidi ni mdogo wangu huyu," dada alisema, akakata uzi kwa meno. "Amesema mwenyewe."

Ndiyo sababu ya baiskeli mpya.

Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani imegongwa na gari. Fremu ilikuwa nyembamba na bapa kama ubao uliowekwa kwa ubavu. Katikati ya usukani zilichomoza pembe mbili zikielekea mbele, na nyuma ya pembe kulikuwa na vibakuli viwili vya kuegemezea viwiko, kiasi kwamba mpandaji hujilaza juu ya mikono yake kama mtu anayechungulia kisima. Mwenye duka la baiskeli alikuwa amempa aijaribu hadi siku ya mashindano. Ikimfaa, ataichukua, isipomfaa, atairudisha bila mkwaruzo. Na kwa kuwa hakuwahi kupata mteja wa umri ule, wa umbo lile, na hasa wa kazi ile, alimwomba amwandikie maelezo kuhusu mambo matatu: starehe yake, namna inavyolingana na mwili, na namna inavyoukata upepo.

"Maelezo utaandika wewe," Buriani aliniambia. "Wewe umesoma chuo kikuu."

"Nilisoma historia, shemeji."

"Sasa upepo si upo tangu zamani?"

Mimi huhariri vitabu vya shule. Kazi yangu ni kuondoa makosa ya watu wengine, na kazi hiyo humpa mtu imani ya hatari kwamba yeye mwenyewe hana makosa yake. Nikakubali. Nadhani pia nilifurahi kuombwa. Katika umri wangu mtu haombwi mambo mengi.

Tulianza na vipimo. Buriani alipanda juu ya benchi, akalala chali, akanyoosha mikono ubavuni na, kwa mazoea, akafumba macho.

"Pima," alisema bila kufumbua.

"Si ungesimama kwanza?"

"Shemeji, wewe umewahi kumpima mtu?"

"Hapana."

"Basi."

Nikampima kutoka nyongani hadi ncha ya kidole gumba cha mguu. Mtu aliyelala akatulia miguu humlegea, nyayo zikaelekea mbele kama za mcheza dansi, na mguu ukawa mrefu kuliko alivyouumba Mungu. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu mawili na sikuliwazia chochote. Nilimtajia kipimo.

"Ongeza vidole vinne," alisema.

"Vya nini?"

"Nafasi ya heshima. Mtu asibanwe."

"Shemeji, hii ni baiskeli."

"Heshima ni heshima."

"Basi tupime tena, tuhakikishe."

Hapo alifumbua macho, akanitazama kwa huruma. "Mimi napima mara moja. Mteja wangu hakui."

Akaipandisha siti kwa kipimo hicho, akakaza skrubu, akaitoa penseli nyuma ya sikio, na pale nguzo ya siti inapoingia kwenye bomba la fremu akachora mstari mwembamba wa kijivu. Penseli ikarudi mahali pake. Nami nikaandika, kwa mwandiko wa mtu anayejiheshimu, kwamba siti imewekwa kitaalamu na kutiwa alama.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kuzunguka mtaa. Niliposimama mlangoni kumtazama, alionekana kama mtu aliyepanda ukuta wa jirani ili aone kinachopikwa. Vidole vya miguu viliigusa pedali ikiwa inashuka na kuiaga kabla haijafika chini. Kiuno kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda tena.

"Mume wangu," dada aliita, "unaendesha au uko harusini?"

"Naizoea!" alijibu kwa sauti nyembamba kuliko yake ya kawaida.

Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi ili asikose kitu.

Aliporudi alishuka kwa awamu, mguu mmoja kwanza, halafu fikira, halafu mguu wa pili. Nikafungua karatasi yangu nimhoji kuhusu starehe.

"Kuna sehemu zangu sizisikii," alisema.

"Sehemu zipi?"

"Shemeji, dada yako yupo hapa."

"Sema tu," dada alisema. "Na mimi nina maslahi."

Kesho yake dada alishona mto wa siti. Aliutengeneza kwa alichokuwa nacho, yaani satini nyeupe yenye marinda pembeni na pamba ndani, na kusema kweli ulikuwa mzuri mno. Siti ilionekana tayari kupokea mfalme mdogo. Buriani aliupapasa, akaubonyeza, akatamka kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kulalia kitu bora. Kasoro ya satini ni utelezi, kasoro isiyojulikana kwa mtu asiyesogea. Kwenye kona ya kinyozi alishika breki. Baiskeli ilisimama, satini haikusimama, na shemeji yangu akateleza kutoka kwenye siti hadi juu ya fremu, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Umeamka, Fundi?" kinyozi aliuliza.

Niliandika: *Kuhusu starehe, bado.*

Baada ya hapo dada alitangaza msimamo wake. "Mimi kitu kile, hata nikilipwa, sikipandi. Mungu alinipa makalio niyakalie, si niyaadhibu." Alisema hivyo akiizunguka baiskeli, akiwa ameshika kiuno, akiitazama kwa jicho ambalo niliamini ni la dharau.

Ajabu ni kwamba kuanzia siku zilizofuata mambo yalianza kwenda vizuri. Buriani hufanya mazoezi jioni, vanishi ikiwa inakauka, nami nilipitia kwao kila nikitoka kazini. Jioni moja alisema kiuno hakiyumbi sana. Nyingine, kwamba ile sehemu ambayo hatukuitaja imeanza kurudi. Siku iliyofuata alikaa muda mrefu bila kusimama kwenye pedali na akarudi akipiga mluzi. Mimi, kwa kuwa nimefundishwa kutoamini simulizi bila ushahidi, kila jioni kabla hajapanda nilipiga magoti na kukagua nguzo ya siti. Kila jioni mstari ulikuwa palepale, mdomoni mwa bomba. Siti haikuwa imesogea hata unywele. Niliona tu kwamba mstari wenyewe ulikuwa umekoza na kunona, mweusi kuliko mwanzo, nikaamua kwamba jasho la mpandaji huiathiri penseli ya seremala.

Na kama baiskeli haijabadilika, kilichobadilika ni mtu. Mantiki ilikuwa safi, na mantiki safi hunilewesha. *Mwili wa binadamu,* niliandika, *hauhitaji baiskeli ilingane nao. Ukipewa muda na subira, mwili hujilinganisha wenyewe na baiskeli.* Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Nilimsomea na dada.

"Umeandika vizuri," dada alisema, akijikuna shavu la mguu wa kulia, ambako alikuwa na doa jeusi la mafuta. "Mafuta ya cherehani," aliongeza, ingawa sikuwa nimemuuliza. Buriani naye alilalamika kwamba siku hizi mkate wa asubuhi hucheleweshwa. Mkewe hutoka alfajiri na kurudi jua limechomoza, ametokwa na jasho, mara nyingine bila mkate. "Foleni," dada alisema.

Likabaki suala la upepo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wataalamu humpulizia mpandaji moshi na kutazama unavyompita. Karakana iliyojaa vanishi si mahali pa moshi, lakini kulikuwa na feni kubwa ya kukaushia, na unga wa mbao haukuwahi kutupungukia. Wazo lilikuwa langu, na nililionea fahari. Tuliibana baiskeli katikati ya stendi mbili za kuwekea majeneza. Buriani akapanda, akaweka viwiko kwenye vibakuli, akashika pembe, akainamisha kichwa. Dada akasimama mbele ya feni na beseni la unga.

"Nimwage wote?"

"Kidogo kidogo, dada. Tunataka kuona upepo unakwama wapi."

"Unakwama kwenye tumbo. Hilo lingejulikana bila feni."

Akarusha konzi ya kwanza, ya pili, kisha akanogewa. Unga ulipita vizuri juu ya mgongo, ukakusanyika tumboni, kwapani, ndani ya masikio na chini ya pua. Penseli ilijengewa kilima chake. Buriani, aliyeambiwa asitikisike, hakutikisika. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kiunoni, macho amefumba, kichwa kimeinama. Nilikuwa naandika kwa kasi niliposikia mtu akikohoa mlangoni.

Alikuwa bibi mmoja aliyejiagizia jeneza lake mwenyewe mapema, kwa sababu, alivyotueleza siku alipoliagiza, watoto wake hawawezi kuchagua hata pazia. Alikuja kulikagua. Alimtazama Buriani kwa muda.

"Huyu naye," aliuliza taratibu, "ndugu zake waliomba akae hivyo?"

"Ni mume wangu, bibi," dada alisema. "Tunampima upepo."

"Haya. Mimi wangu nilimpima kwa macho tu, na tukaishi."

"Karibu, bibi," alisema Buriani bila kufumbua macho, na bibi, tofauti na wale wanaume wawili, hakukimbia. Alisogea mbele, akatazama nyuma ya baiskeli, mahali ambapo kifuniko cha jeneza lake kilikuwa kimelazwa kikaushwe. Vanishi ilikuwa bado mbichi. Sikulifikiria hilo.

"Na kifuniko changu kimeota manyoya," bibi alisema.

Dada alizima feni. Buriani alishuka, akajikung'uta, akaahidi kukipiga msasa na kukipaka upya. Lakini bibi alikwisha kuvua viatu. Alisema amekuja kulijaribu na atalijaribu, na kabla hatujajua tumkataze vipi mtu wa umri ule, tulikuwa tumemshika mikono akiingia, akijilaza, akipanga miguu yake kwenye satini.

"Linabana," alisema.

Katika maisha yake yote ya kazi hiyo, Buriani hakuwahi kusikia neno hilo kutoka mle ndani.

"Linabana wapi, bibi?"

"Begani. Na kiwiko. Uliponilaza pale ulimpima nani, mimi au mdogo wangu?"

Alipoondoka, akiwa ameahidiwa jeneza pana zaidi, Buriani aliketi juu ya benchi na unga wake.

"Miaka yote hii, shemeji," alisema. "Huenda yote yanabana."

"Wote umewapa nafasi ya heshima."

"Na yeye nilimpa. Bado linabana." Alifikiri sana, akichora duara kwa kidole kwenye unga wa paja lake. "Tatizo lake yule ni kwamba anapumua."

Hakuna aliyecheka. Kisha akaitazama baiskeli.

"Na mimi napumua," alisema. "Shemeji, tunipime upya. Nikiwa wima. Kesho kutwa ni mashindano. Nikikwama tena, kinyozi atanizika kabla ya umri wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mtu aliyesoma kusema, naam, shemeji, mtu hai hapimwi kama maiti. Badala yake nilimsomea maandishi yangu. Nilimwonyesha kwamba siti haijasogea kwenye alama, kwamba starehe imekuwa ikiongezeka kila jioni, na kwamba mtu anayebadilisha kitu kinachoanza kumfaa hana tofauti na anayeng'oa mche ili aone kama umeota. Nilisema kwa ufasaha. Dada aliniunga mkono haraka kuliko nilivyotarajia.

"Mwacheni na siti yake," alisema. "Msiiguse. Mtu yeyote asiiguse."

Hatukuigusa.

Siku ya mashindano dada alituendesha hadi bwawani kwa pikapu. Buriani alikuwa na ubaridi wa mtu anayekwenda kupasuliwa. Kabla hajaingia majini dada alimshika kidevu.

"Sikiliza. Urudi umekaa. Umenielewa? Umekaa!"

Niliona ukali ule ni mwingi. Nilidhani anamkumbusha ahadi ya kuacha, na nikamhurumia shemeji kwa kuoa mwanamke wa damu yetu.

Kuogelea alikwenda kama kawaida yake. Kwenye baiskeli nilisimama pale alipolala mwaka jana, nikiwa na maji, taulo na maelezo ya kisayansi iwapo yangehitajika. Walipita vijana wembamba wanaovuma kama nyuki. Wakapita akina mama. Akapita mzee mwenye baiskeli ya kikapu, ambaye baadaye ilibainika hakuwa mshindani, alikuwa anakwenda sokoni. Halafu akaja yeye. Kiuno kimetulia. Viwiko vimo ndani ya vibakuli, mgongo umelala sawa kama ubao uliopigwa randa, tumbo limepata mahali pake, na penseli, naapa, ipo sikioni chini ya kofia ngumu.

"Unajisikiaje?" nilipiga kelele nikikimbia kando yake.

"Nazisikia zote!" alijibu, akapita.

Mbio za miguu alizitembea zaidi kuliko kuzikimbia. Alimaliza wakati watu wanakunja mabango, akavishwa medali na mtu aliyekuwa tayari amepanda ngazi kuteremsha bendera. Hakuwa wa mwisho. Wa mwisho alikuwa karani mmoja wa benki aliyepotea njia.

Kurudi nyumbani nilijikunyata nyuma na baiskeli. Buriani alikaa mbele, dirisha ameshusha, kiwiko nje, mgongo wima, na dada akaendesha kwa mwendo uleule wa mwaka jana, safari hii kwa makusudi. Mtaa ulitoka. Waliotoka walitoka kwa ajili ya burudani, na nyuso zao zilipomwona mtu aliyekaa zilionyesha masikitiko ya kweli. Kinyozi alisimama na taulo begani.

"Fundi," aliita, "kumbe mwaka huu u mzima?"

"Mzima," Buriani alisema. Pikapu ilikuwa inatambaa, kwa hiyo alipata wakati wa kumpima kinyozi kwa jicho, utosini hadi viatuni na kurudi, taratibu, midomo ikihesabu. "Nawe umeongezeka upana, jirani. Sasa nimekuongezea na nafasi ya heshima."

Wateja wa kinyozi ndio waliocheka kwanza. Kinyozi alicheka wa mwisho, na kidogo. Mzaha wa kuamka haukusikika tena, na wafiwa waliokuja juma lile walilia kama inavyopasa.

Buriani aliichukua baiskeli moja kwa moja. Bibi alipata jeneza lake jipya, akalijaribu, akalala humo usingizi mfupi. Siku hizi Buriani huwauliza ndugu kama marehemu alipenda kulala ameachia mabega. Mwenye duka aliyasoma maelezo yangu, akayabandika ukutani juu ya kaunta, na sentensi kuhusu mwili unaojilinganisha wenyewe aliipigia mstari. Inasemekana wateja kadhaa wamenunua baiskeli zisizowafaa kwa sababu yake.

Ilikuwa miezi mingi baadaye, nikiwa nimekaa karibu na cherehani nikimshikia dada kitambaa, ndipo aliposema, bila kuinua macho, kwamba mashindano ya mwaka huo amejiandikisha na yeye.

"Kwa baiskeli ipi?"

"Ileile. Nimeizoea tangu mwaka jana. Alfajiri, kabla mume wangu hajaamka."

Nilikitazama kitambaa. Doa la mguuni, foleni ya mkate, "mtu yeyote asiiguse": vyote vilinijia pamoja, vimechelewa kama karani wa benki. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi.

"Haiwezekani," nilisema. "Wewe ni mfupi. Ungelazimika kuishusha siti, na mimi kila jioni niliikagua. Ilikuwa kwenye alama."

"Alama ya mume wangu ilifutika siku ya kwanza tu, nguzo ilipoingia ndani ya bomba. Nikaipandisha kwa kukisia, nikachora nyingine. Kesho yake vilevile."

"Kila siku chini kidogo?"

"Kuipandisha kunachosha, mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka kuendesha."

Nikakumbuka mstari ule mweusi ulionona, ambao nilikuwa nimeuandikia aya nzima kuhusu jasho.

"Uliuchora kwa kitu gani?"

"Kwa wanja," dada alisema. "Penseli ilikuwa sikioni mwake. Ningeitoa vipi asiamke?"